Jalidi, Mvua na Nguzo za Bryce Canyon

Hifadhi ya Taifa ya Bryce Canyon, kusini mwa jimbo la Utah nchini Marekani, ina jina la korongo, lakini mwanajiolojia akiitazama haoni korongo. Korongo la kawaida huchimbwa na mto unaopita katikati yake. Hapa hakuna mto wa namna hiyo. Kilichopo ni ukingo wa uwanda wa juu uitwao Paunsaugunt, unaoliwa taratibu upande wa mashariki na kuacha mabonde yenye umbo la nusu duara, yaliyojaa maelfu ya nguzo za mawe mekundu, ya machungwa na meupe. Wageni wengi huzitazama kutoka juu, wakapiga picha na kurudi garini. Ukitaka kuelewa zilivyosimama pale, huna budi kushuka.

Njia ninayoipendekeza ni ule mzunguko unaounganisha njia mbili, Queen's Garden na Navajo. Una urefu wa kilomita 4.6, na mtu wa kawaida huumaliza kwa saa mbili au tatu. Ni mfupi, ila ndani yake unakutana na kila hatua ya maisha ya nguzo, tangu inapozaliwa hadi inapoanguka.

Tuanze na mwamba wenyewe. Takriban miaka milioni 50 iliyopita, eneo hili lilikuwa bonde la maziwa na mito. Chokaa, matope na mchanga vilitua chini, tabaka juu ya tabaka, vikagandamana kuwa jiwe. Baadaye ardhi yote ya sehemu hiyo ya Marekani iliinuliwa na nguvu za ndani ya dunia, na leo ukingo wa Bryce uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Rangi zilitokana na madini: chuma kilichoshika kutu ndicho kilicholeta wekundu na machungwa, na manganizi ikaongeza zambarau. Tabaka hazilingani kwa ugumu. Zenye magnesi nyingi hustahimili maji, zile za matope hubomoka upesi. Tofauti hiyo ndiyo inayozipa nguzo viuno vyembamba na vichwa vinene.

Fundi mkuu wa mahali hapa ni maji, ingawa nchi ni kame. Kwa kuwa eneo liko juu sana na hewa yake ni kavu, joto la mchana hupotea haraka jua likizama. Kwa zaidi ya siku 150 kila mwaka, theluji na jalidi huyeyuka mchana, maji yakapenya kwenye nyufa, kisha usiku yakaganda tena. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya maji iliyojaa ndani ya friza anajua nguvu ya kutanuka huko. Ufa hupanuka kidogo leo, kidogo kesho, mpaka kipande kinachomoka. Mvua nayo hubeba asidi hafifu inayoyeyusha chokaa na kulainisha kingo, na manyunyu makali ya kiangazi huzoa kifusi chote na kukipeleka kwenye vijito vya chini.

Ukianza kushuka kutoka kituo cha Sunrise Point, mteremko wa Queen's Garden unakuingiza katikati ya kazi hiyo. Kwanza utaona kuta nyembamba zilizojitenga na uwanda, zimesimama sambamba kwa sababu nyufa za mwamba zilikuwa sambamba. Kisha utaona kuta zilizotobolewa madirisha. Dirisha likizidi kupanuka, dari yake huporomoka, na vipande vya ukuta vinavyobaki kila upande huwa nguzo. Mojawapo inafanana na sanamu ya Malkia Victoria, na ndiyo iliyoipa njia jina lake. Wapaiute, wenyeji wa asili wa eneo hili, wana simulizi yao: nguzo ni watu wa kale waliogeuzwa mawe kwa matendo yao mabaya.

Sakafuni njia hupita kwenye misonobari, halafu huanza kupanda upande wa Navajo. Hapo kuna mwanya mwembamba uitwao Wall Street, wenye kuta ndefu pande zote mbili na miti mirefu iliyojinyoosha kutoka chini kuutafuta mwanga. Mwaka 2006 mawe yaliporomoka humo na kuifunga njia. Majira ya baridi sehemu hiyo hufungwa kila mwaka, kwa kuwa ndipo jalidi inapofanya kazi zaidi. Wakati huo watembeaji hupandia upande wa pili wa Navajo.

Mwili nao una hesabu yake. Sisi tuliozoea milima hupanda tukiwa na nguvu na kushuka tukiwa tumechoka. Kwenye korongo mambo ni kinyume: mteremko hukudanganya kwa wepesi, na kupanda hukungoja mwishoni, jua likiwa limepaa. Mzunguko huu una mwinuko wa takriban mita 180. Si mwingi, lakini kwenye kimo hicho kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Mtu wa Mombasa au Zanzibar ataliona hilo mapema kuliko mtu wa Eldoret. Hewa kavu hukausha jasho kabla hujalihisi, kwa hiyo usisubiri kiu. Beba maji ya kutosha tangu juu, maana chini hakuna pa kuyapata. Vaa viatu vyenye soli ya meno, kwani changarawe juu ya mwamba mgumu huteleza na kutegua vifundo vya miguu. Ni vyema pia kuzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, yaani kushukia Queen's Garden na kupandia Navajo, kama hifadhi inavyoshauri. Ukisikia ngurumo, ondoka ukingoni, kwa maana mvua za Julai na Agosti huja na radi.

Ninalosisitiza kuliko yote ni kubaki njiani. Miteremko hii imefunikwa na changarawe na udongo mlegevu, na mizizi michache ya misonobari ndiyo inayoushika. Anayekata kona ili kufupisha safari huacha mfereji mdogo. Mvua inayofuata huufuata mfereji huo na kuuchimba, na walio nyuma yake hudhani ni njia halali. Mmomonyoko wa asili ndio ulioumba uzuri wa Bryce, lakini huo wa miguu yetu hauumbi chochote. Hung'oa mimea, hufichua mizizi na kuwaangushia mawe walio chini.

Elimu hii inatumika hata nyumbani. Marafa, karibu na Malindi, mvua imekata mchanga ulioshikamana ikaacha kuta na vilele vyekundu na vyeupe. Isimila, karibu na Iringa, kuna nguzo za udongo mgumu ndani ya korongo ambamo zana za Zama za Mawe zimehifadhiwa. Huko jalidi haina nafasi, kazi ni ya mvua na maji ya msimu. Ukienda, tafuta mambo matatu: tabaka gumu linalokinga kichwa cha nguzo, ufa ambao ukuta utapasukia, na rundo la mchanga mpya chini yake. Ukiyaona, utaweza kukadiria nguzo ipi itafuata kuanguka, na utajua kwa nini mwongozaji anakukataza kuiparamia.