Je, Wajua? Umeme wa Kuni Njombe

Je, wajua kwamba kuni zinaweza kuwasha taa za umeme?

Huko Njombe, kusini mwa Tanzania, kampuni ya TANWAT hupanda miwati, miti yenye asili ya Australia. Kwanza hubanduliwa magome, ambayo hutoa tanini ya kutengenezea ngozi za viatu na mikoba. Magogo nayo hayaachwi yaoze. Katika miaka ya 1990 kampuni ilijenga mtambo wa megawati 2.5: kuni huchemsha maji, na mvuke huzungusha mashine ya kufua umeme.

Mwati hukomaa kwa takribani miaka 8 hadi 10. Uzuri wake mkubwa umo ardhini, kwani mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Lakini usimamiwe vizuri, maana mbegu zake husambaa upesi hadi mashamba ya jirani.