Udongo wa Kuoteshea Vipandikizi vya Chai

Zamani chai ya Afrika Mashariki ilipandwa kwa mbegu. Ndivyo ilivyoendelea miaka mingi baada ya michai ya kwanza kupandwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na Limuru mwaka 1903, na Rungwe mwaka 1904. Lakini miche ya mbegu haifanani, kama vile ndugu wa nyumba moja wasivyofanana: mmoja hutoa majani mengi na mazuri, wa pili machache, wa tatu hunyauka jua likizidi. Kwa hiyo siku hizi mkulima atakaye shamba jipya huchagua mchai ulio bora, akakata matawi yake machanga vipande vipande, akaviotesha. Kipande cha namna hiyo huitwa kipandikizi, na mche utokao kwacho huwa wa asili ile ile ya mama yake.

Kipandikizi cha chai ni kitu kidogo sana. Kina jani moja, jicho lililolala kwapani mwa jani hilo, na kijiti cha sentimita 3 au 4 chini yake. Hakina mzizi hata mmoja. Huchomekwa katika kiriba, yaani mfuko mwembamba uliojazwa udongo, nacho hukaa kitaluni miezi mingi, pengine hata mwaka, ndipo mche upelekwe shambani. Basi udongo ukichaguliwa vibaya, hasara si ya vipandikizi peke yake. Mvua za kupandia zitafika na mkulima hana mche wa kupanda, wala hana budi ila kungoja mwaka mwingine.

Mtu aliyezoea mahindi na migomba, aambiwapo atafute udongo wa kitalu, huenda moja kwa moja nyuma ya zizi. Huko udongo ni mweusi, laini, umejaa samadi. Kwa mahindi amefanya vema. Kwa vipandikizi amekosea, na sababu yake si ngumu kufahamu. Samadi ni chakula, na mmea hula kwa mizizi. Kipandikizi kisicho na mizizi ni kama mtu aliyewekewa wali mbele yake hali kinywa chake kimefungwa. Wala si kwamba chakula kile hakimfai tu, chamdhuru. Katika samadi na majani yaozayo mna kuvu na vijidudu vingi ambavyo kazi yao ni kuozesha, na ncha iliyokatwa kwa kisu ni jeraha bichi. Kuvu huingia kwa jeraha hilo, kijiti huwa cheusi toka chini kwenda juu, na baada ya siku chache jani huanguka. Tena chumvi za mbolea kali huvuta maji kutoka katika kijiti, badala ya kukipa.

Chakula cha siku zile za kwanza hutoka wapi basi? Hutoka katika jani lenyewe, likisaidiwa na mwanga wa jua unaopenya kivulini. Ndiyo sababu kipandikizi hakikatwi bila jani, na jani hilo halilazwi juu ya udongo likapata kuoza.

Hapo mwanafunzi aweza kuuliza: mbona pingili ya muhogo huchomekwa shambani, hata katika udongo wa hivi hivi, nayo huota? Muhogo una shina nene lenye akiba ya chakula ndani yake, wala haukawii kutoa mizizi. Muwa nao umejiweka tayari mapema. Ukitazama vizuri kando ya fundo la muwa, utaona duara la vitone vidogo. Hivyo ndivyo vianzo vya mizizi, vyangoja unyevu tu. Mchai hauna akiba kubwa wala vitone. Lazima uumbe mizizi upya kutoka katika jeraha, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Katika wiki hizo zote udongo una wajibu wa kukishika kijiti kisitikisike, kukipa maji kidogo kidogo, kukipa hewa, na kutokiletea ugonjwa.

Kwa habari ya maji hakuna asiyejua. Hewa ndiyo isahauliwayo. Mahali penye jeraha, mmea unapoumba mizizi, hufanya kazi kubwa, na mwenye kufanya kazi hana budi kupumua. Hewa hiyo hukaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe na chembe za udongo. Mfinyanzi una chembe ndogo mno, na ukinyeshewa nafasi zile zote hujaa maji. Kipandikizi huzama humo kama mtu mtoni. Mchanga una chembe kubwa, hewa tele, lakini maji hupita yakaenda zake, na asubuhi ulionyweshwa, jioni umekauka. Udongo ufaao uko kati ya hizo mbili. Mkulima hutwaa konzi ya udongo wenye unyevu, akaufinya. Ukitoka maji vidoleni, au ukibaki donge gumu lisilovunjika, ni mzito mno. Ukimwagika mara afunguapo mkono, ni mwepesi mno. Ukikaa kama donge, kisha ukavunjika aligusapo kwa kidole, umefaa.

Kwa mimea mingine yapo mambo mengi ya kuchagua. Mawaridi, kwa mfano, huota vizuri katika mchanga wa mtoni uliooshwa hata maji yake yawe maangavu, mradi anyweshaye asiwe mvivu. Mchanga wa pwani haufai, kwa sababu una chumvi, na vipande vya makombe vilivyomo ni chokaa. Watu wa pwani wana makumbi ya nazi. Vumbi lake hushika maji na hewa pamoja, lakini nalo hulowekwa kwanza na kusuuzwa, maana huwa na chumvi. Vumbi la mbao lisitumiwe likiwa bichi. Wako pia wachomekao tawi katika chupa ya maji na kufurahi kuona mizizi myeupe. Mizizi hiyo ni myepesi kuvunjika, na mara nyingi mche huteseka uhamishwapo udongoni.

Mchai una jambo moja zaidi, na jambo hili limewaangusha wengi. Hupenda udongo wenye tindikali. Tindikali ya udongo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ndiyo katikati, kama maji safi. Chini ya 7 kuna tindikali, kama ile ya maji ya ndimu. Juu yake kuna kinyume chake, kama maji ya majivu au magadi. Vipandikizi vya chai hufanya vema katika udongo ulio karibu na 5. Ukifika 6 na kuzidi, hutokea jambo la ajabu: kijiti hakiozi, wala hakioti. Huvimba mwishoni, kikatoa kovu jeupe lililo nene, na kovu hilo huzidi kukua bila kutoa mzizi. Juu ya ardhi jani li kijani, na mkulima apitaye husifu kitalu chake. Miezi miwili mitatu hupita kabla hajavuta kipandikizi kimoja na kuona kilichomo.

Udongo wa namna hiyo mara nyingi hutoka kwenye mahame. Mahali watu walipojenga na kupika miaka mingi, majivu ya jikoni yamemwagwa siku zote, na ng'ombe wamelala. Wakihama, mahindi na maboga hustawi hapo kuliko mahali pengine pote, na kila mtu apajua kuwa pana rutuba. Lakini majivu yameondoa tindikali, na wakulima wa chai katika nyanda za juu za Kenya wamekuta mara nyingi kwamba katikati ya shamba zuri pana duara la michai yenye majani ya manjano, mifupi, isiyoponyeka kwa mbolea. Wazee wakiulizwa husema, palikuwa na nyumba. Ikiwa mchai wenye mizizi wateseka hapo, kipandikizi kitafanyaje? Basi udongo wa kitalu usichukuliwe kwenye mahame, wala karibu na zizi, wala mahali palipochomwa mkaa au takataka. Kilima kinachomea makangaga marefu kwa wingi ni dalili njema, kwa kuwa makangaga hayo huvumilia tindikali. Walakini dalili si kipimo, na palipo na bwana shamba mwenye chombo, heri udongo upimwe kabla ya viriba kujazwa kuliko baadaye.

Mahali pakiisha kuchaguliwa, udongo wa juu huondolewa, kiasi cha sentimita 20 hadi 30, ule ule mweusi ambao mkulima wa mahindi angeutaka. Chini yake ndipo penye udongo mwekundu au wa kahawia, usio na majani yaliyooza, usio na mbegu za magugu, wenye kuvu kidogo na minyoo michache, ile midogo isiyoonekana kwa macho, ishambuliayo mizizi michanga. Udongo huo huchekechwa ili mawe na mizizi mizee itoke. Kwa macho ya mgeni ni udongo maskini. Umaskini huo ndio unaotafutwa.

Lakini mtoto akiisha kupata kinywa, hataishi kwa hewa na maji. Kwa sababu hiyo kiriba hujazwa kwa tabaka mbili. Sehemu kubwa ya chini, kama theluthi mbili, ni udongo wa juu wenye rutuba, wenye tindikali ifaayo, uliochanganywa na mbolea kidogo ya fosfeti. Theluthi ya juu ni ule udongo maskini wa chini, nao ndio ukishikao kijiti. Kisha viriba hupangwa wima chini ya kivuli, hunyweshwa sana, vipandikizi huchomekwa, na juu yake hutandazwa plastiki ing'aayo juu ya fito zilizopindwa, ili unyevu usitoke. Kwa kuwa maji yapandayo huganda chini ya plastiki na kurudi yakidondoka, kitalu kilichofunikwa vizuri hakihitaji kunyweshwa kila siku. Hukaa wiki kadhaa. Anyweshaye kila asubuhi kwa bidii hugeuza udongo mzuri kuwa tope, na uchaguzi wake wote ukawa bure.

Kila baada ya wiki kadhaa ncha ya plastiki huinuliwa, udongo ukaguswe na vipandikizi vilivyokufa viondolewe. Jicho la kwapani likianza kufunguka, na kipandikizi kikivutwa polepole kikakataa kutoka, mizizi imekwisha kushika. Hapo plastiki hufunguliwa kidogo kidogo, siku hata siku, ili mche uzoee hewa ya nje. Mkulima akipasua kiriba kimoja wakati huo, ataona katika udongo mwekundu wa juu mizizi michache imeshuka wima, na mahali udongo mweusi uanzapo imegawanyika kuwa mingi na myembamba, kama ndevu.