Akina García ni wengi, lakini Gabo si ‘Marquez’

KATIKA tasnifu na makala ninazosahihisha kila mwaka, kuna kosa moja dogo ambalo limekataa kufa. Mwanafunzi anamtaja yule mwandishi wa Kolombia aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1982, kisha anamwita “Marquez” kavukavu. Ukifika kwenye marejeleo, unampata amewekwa chini ya herufi M: “Marquez, G.G.” Ukimuuliza sababu, anakujibu bila wasiwasi: “Kwani Profesa, jina la mwisho si ndilo la ukoo?”

Kwa Mwingereza, naam. Kwa Mhispania, la. Na kwa kuwa vitabu vyake vinasomwa sana katika vyuo vyetu, na kandanda ya Uhispania inatazamwa hata vijijini, nadhani ni vyema tulifungue jina hili hatua kwa hatua.

Mwandishi huyo, ambaye rafiki zake walimwita Gabo, alizaliwa Aracataca tarehe 6 Machi 1927. Gabriel ni jina alilopewa. García alilitoa kwa baba yake, Gabriel Eligio García. Márquez alilitoa kwa mama yake, Luisa Santiaga Márquez. Ndiyo kusema, mtu wa jamii hii ana majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia na la mama likifuata. Anayemwita “Marquez” anamwita kwa jina la ujombani. Kiungwana anaitwa García Márquez, maneno mawili yasiyotenganishwa, na katika marejeleo anawekwa chini ya G: García Márquez, Gabriel.

Sasa sikiza hili. Yule baba, Gabriel Eligio, alizaliwa nje ya ndoa. Mzee aliyemzaa alikuwa mwalimu aliyeitwa Gabriel Martínez Garrido, na mama yake aliitwa Argemira García Paternina. Mtoto akabeba jina la mama. Kwa hivyo hili García ambalo tunaling’ang’ania kuwa ndilo la upande wa kuumeni lilitoka kwa bibi. Mambo yangekuwa mengine, leo tungekuwa tunabishana kuhusu Gabriel Martínez Márquez.

Na Márquez je? Gabo alilelewa utotoni na babu na bibi wazaa mama, Kanali Nicolás Márquez na Tranquilina Iguarán. Msomaji wa ile riwaya yake ya 1967 kuhusu ukoo wa Buendía atakumbuka kwamba mama mkuu wa ukoo anaitwa Úrsula Iguarán, na kwamba kuna mwanajeshi aitwaye Kanali Gerineldo Márquez. Majina ya ujombani yameingia kitabuni waziwazi. Riwaya yenyewe inawachosha wasomaji wengi kwa kurudiarudia Arcadio na Aureliano kizazi baada ya kizazi, na wanafunzi wangu hunilalamikia sana. Mimi huwaambia wachore mti wa ukoo ukutani kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Turudi nyuma kidogo. Majina mengi ya ukoo ya Kihispania yanaishia kwa -ez, na kiambishi hicho zamani kilimaanisha “mwana wa”. Fernández ni mwana wa Fernando, Rodríguez mwana wa Rodrigo, Sánchez mwana wa Sancho, Martínez mwana wa Martín. Kazi yake ni ile ya “bin” kwa Waswahili au “arap” kwa Wakalenjin, ila chenyewe kinakaa mwishoni mwa neno. García halina mkia huo kwa sababu lenyewe lilikuwa jina la mtu, kama vile Juma au Kiprono. Wataalamu wanabishana kuhusu asili yake. Wengi wanaelekeza kidole kwa Kibaski, lugha ya kaskazini isiyo na undugu na Kihispania, baadhi wakilihusisha na neno la dubu na wengine na neno la kijana.

Ushahidi kwamba lilikuwa jina la mtu tunaupata kwa wafalme wa Pamplona. Katika karne ya 10 alitawala García Sánchez, yaani García mwana wa Sancho. Akarithiwa na mwanawe, Sancho Garcés, yaani Sancho mwana wa García. Unaona mchezo huo? Jina la pili lilibadilika kila kizazi, kama inavyokuwa kwa Ali bin Juma anayemzaa Juma bin Ali. Baadaye mabadiliko hayo yakakoma, majina yakaganda, na watu wakaitwa Sánchez ilhali hakuna Sancho yeyote nyumbani. Sheria ya usajili wa raia ya 1870 ndiyo iliyoutia muhuri wa serikali utaratibu wa majina mawili, la baba na la mama. Mwanamke naye haachi lake anapoolewa. Tangu 1999 wazazi nchini humo wameruhusiwa kulitanguliza la mama wakikubaliana, na kuanzia 2017 la baba halitangulizwi tena kwa kuwa tu ni la baba. Wazazi wachague, na wakishindwa kuelewana msajili awaamulie.

García ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Uhispania. Wanaolibeba kama jina la kwanza la ukoo ni zaidi ya milioni 1. Sasa jina likiwa la kila mtu, halimtambulishi mtu. Hapa ndipo kanuni niliyoieleza inapopata ufa, na ndipo wanafunzi wangu hodari hunibana.

“Mbona basi Profesa wewe mwenyewe unasema Lorca?”

Swali la haki. Mshairi na mwandishi wa tamthilia Federico García Lorca, aliyezaliwa 1898 karibu na Granada na kuuawa Agosti 1936 mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, baba yake alikuwa Federico García Rodríguez na mama yake mwalimu Vicenta Lorca Romero. García na Rodríguez wako tele. Lorca ni adimu. Wahispania wenyewe wakaona afadhali wamwite kwa lile la mama. Ndivyo ilivyokuwa kwa mchoraji Pablo Ruiz Picasso, na pia kwa waziri mkuu wa zamani José Luis Rodríguez Zapatero, ambaye magazeti ya kwao yalimwita Zapatero. Lakini angalia: huo ni mtajo wa mazungumzo na wa vichwa vya habari. Katika maktaba ya Madrid, Lorca anatafutwa chini ya García, na Zapatero chini ya Rodríguez. Kwa Gabo mazoea hayo hayakushika, wenyewe husema García Márquez. Kwa hiyo hapa hakuna njia ya mkato. Unamtaja mtu kama watu wake wanavyomtaja, na unamworodhesha kwa jina lake la kwanza la ukoo.

Wapenzi wa kandanda wanalijua jambo hili bila kulifundishwa. Kwa nini fulana za Wahispania zimejaa Rodri, Pedri, Xavi? Rodri ni Rodrigo Hernández Cascante. Pedri ni Pedro González López. Xavi ni Xavier Hernández Creus. Hernández na González ni wengi mno hata haisaidii kuyaandika mgongoni. Gavi naye, Pablo Martín Páez Gavira, lakabu yake imekatwa kutoka jina la mama. Mashabiki wa Liverpool wa rika la wanangu hawajamsahau Luis García, aliyefunga lile bao la utata dhidi ya Chelsea mwezi Mei 2005, ambalo hadi leo watu wanaulizana kama mpira ulivuka mstari. Jina lake kamili ni Luis Javier García Sanz. Katika gofu yupo Sergio García Fernández, bingwa wa Masters mwaka 2017.

Ila García ambaye sisi watu wa fonetiki tunapaswa kumshukuru hakucheza mpira. Ni Manuel Patricio Rodríguez García, aliyezaliwa 1805 na kufariki London mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 101. Baba yake, Manuel García mkubwa wa Seville, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa opera. Ndiye aliyeimba kwa mara ya kwanza sehemu ya Almaviva katika opera ya Rossini kuhusu kinyozi wa Seville, mjini Roma mwaka 1816. Mtoto akawa mwalimu wa uimbaji, na swali moja likamsumbua: sauti inatengenezwaje hasa kooni? Mwaka 1854, akiwa Paris, alichukua kijioo kidogo chenye mpini cha daktari wa meno, akakitia nyuma ya kinywa chake, akakielekezea mwanga wa jua kwa kioo cha mkononi. Akaliona zoloto lake mwenyewe, na nyuzi za sauti zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society ya London. Mwalimu wa sekondari anayeandika ubaoni kwamba /b/ ni ghuna na /p/ si ghuna, kwa kuwa nyuzi za sauti hutetemeka kwa moja na kutulia kwa nyingine, anasimama juu ya uchunguzi ulioanza na kioo kile.

Dada zake wawili walikuwa waimbaji wakubwa kuliko yeye, lakini huwezi kuwapata chini ya García. Mmoja ni Maria Malibran, aliyefariki akiwa kijana mwaka 1836, na mwingine ni Pauline Viardot. Malibran na Viardot ni majina ya waume zao. Walijulikana kwa desturi ya Kifaransa, na jina la nyumbani likafunikwa.

Jina likivuka mpaka, hutendewa kwa sheria za mwenyeji. Mwigizaji Andy García alizaliwa Havana mwaka 1956 akiitwa Andrés Arturo García Menéndez. Marekani ilimpokea García, ikamwacha Menéndez nje ya mlango. Jerry Garcia, mpiga gita wa bendi ya Grateful Dead, alizaliwa San Francisco na baba aliyetoka Uhispania. Kwake hata alama ile juu ya i imepotea. Ufilipino, iliyotawaliwa na Uhispania kwa karne tatu, gavana Narciso Clavería alitoa amri mwaka 1849 wananchi wagawiwe majina ya ukoo kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa. Huko leo jina la mama linakaa katikati na la baba mwishoni. Ndiyo maana Carlos P. Garcia, rais wa nchi hiyo kuanzia 1957 hadi 1961, anaitwa Garcia kihalali. Ile P ni Polistico, jina la mama yake. Ureno nayo ina mpango kama huo: Cristiano Ronaldo dos Santos Aveiro, Aveiro ndilo la baba. Basi usiichukue kanuni ya Madrid ukaipeleka Manila au Lisbon.

Alan García, aliyeiongoza Peru mara mbili, 1985 hadi 1990 na 2006 hadi 2011, alijiua kwa bastola polisi walipokwenda kumkamata kwa tuhuma za ufisadi. Ilikuwa tarehe 17 Aprili 2019. Gabo alifariki tarehe 17 Aprili 2014. Sadfa tu, lakini wanaofundisha fasihi ya Amerika ya Kusini hawakosi kuitaja.

Pana wanaoniuliza kama yote haya si kujipa shughuli. Mtu si amekwisha kufa, jina lina madhara gani? Kwa mtafiti aliye hai, madhara yapo. Siku hizi msomi hupimwa kwa idadi ya mara alizonukuliwa, na kompyuta ndiyo inayohesabu. Ukimnukuu leo kwa jina la baba na kesho kwa la mama, kompyuta inaona watu wawili, kila mmoja ana nusu ya kazi. Wahispania wengi wameamua kuyaunga majina yao kwa kistari wanapochapisha kwa Kiingereza, ili tusiwakate vipande. Wanafunzi wangu sasa nawadai watafute jina kamili la mwandishi na la wazazi wake kabla ya kuandika rejeleo la Kihispania. Wananung’unika, lakini wanalifanya.

Neno la mwisho ni kwa watangazaji wetu. García haitamkwi kwa mkazo kwenye Gar. Kihispania huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho neno linapoishia kwa irabu, kama Kiswahili. Tatizo ni kwamba Mhispania huisoma -cia kama silabi moja, hivyo bila alama mkazo ungerudi kwenye Gar. Ile alama juu ya í inazitenganisha irabu: Gar-cí-a. Mswahili hahitaji kuambiwa, kwani kwake kila irabu ina silabi yake na mkazo unaangukia hapohapo. Herufi c hapo, Madrid huitamka kama th ya “thamani”, na Bogotá kama s ya “sahani”. Mtangazaji aliyelelewa kwa Kiswahili anazo sauti zote mbili tayari mdomoni. Achague moja, kulingana na mchezaji anatoka upande gani wa bahari.