Flashi ya nyumbani: angalia haya kabla ya kununua

Ndugu zangu, mwaka wangu wa kwanza hapa Marekani nilinunua flashi mtandaoni. Iliandikwa TB 2 na bei yake ilikuwa kama ya chakula cha mchana. Nikahamishia humo picha za harusi ya dada yangu kule kambini, kisha nikazifuta kwenye simu. Baadaye picha za mwanzo zilifunguka, zilizobaki hazikufunguka kabisa. Sikuwa na nakala nyingine.

Flashi bandia hupangwa kuidanganya kompyuta. Ndani ina nafasi ndogo, lakini inaonyesha kubwa. Ikishajaa, unachoongeza kinapotea bila onyo.

Kabla ya kununua, angalia mambo haya:

Ukubwa. Kwa karatasi za familia, kazi za shule na picha, GB 32 au 64 zinatosha. Hizo hubeba maelfu ya picha za simu.

Tundu. Kompyuta nyingi zina tundu la mstatili, yaani USB-A. Nyingi mpya zina tundu dogo lenye kona za mviringo, USB-C. Tazama yako kwanza. Zipo pia flashi zenye ncha zote mbili.

Kasi. Chagua iliyoandikwa USB 3. Inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani, ila polepole.

Duka. Nunua kwenye duka linalojulikana na utunze risiti. Siku hiyohiyo nakili video mpaka flashi ikaribie kujaa, itoe, irudishe, kisha fungua zile za mwisho. Zikigoma, rudisha dukani.

Hata flashi nzuri huharibika au hupotea. Kwa hiyo nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, na uweke nakala zilezile kwenye zote: I-94, kadi za chanjo, vyeti vya kuzaliwa na vya shule. Karatasi zenyewe zitunze mahali pengine.

Usiifunge flashi hiyo kwenye funguo za gari. Akiiokota mtu, atasoma kila kitu kama hukuiwekea neno la siri. Na wewe ukiokota flashi njiani, usiichomeke kwenye kompyuta yako. Inaweza kuwa na virusi.

Kama hujui kunakili karatasi zako, mwulize mhudumu wako wa kesi. Picha za harusi ile sitazipata tena. Zako bado unaweza kuzilinda.