Jentamaisini: Dawa Moja, Njia Mbili

Mnamo Januari 2024, maradhi ya macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, na Wizara ya Afya ikatangaza kuwa asili yake ni virusi, ilidhihirika haja ya watu wa Temeke na Kinondoni kuifahamu vyema chupa ndogo ya matone ya jentamaisini, ambayo aghalabu haikosekani katika maduka ya dawa ya mitaani, na kuipambanua na nduguye ya sindano.

Jentamaisini, iliyotangazwa mwaka 1963, ni ya ukoo wa aminoglaikosaidi, ambao mkubwa wao ni streptomaisini ya mwaka 1943. Dawa za ukoo huu humwingia bakteria, zikaishika ribosomu yake, pale protini zinapoundwa, hata akaunda protini mbovu na kuangamia. Na kwa kuwa virusi havina ribosomu, hazina la kuvifanya.

Kwa vile ikimezwa utumbo hauifyonzi, mtoto mchanga aliyeingiwa na bakteria katika damu hana budi kuchomwa sindano, tena kwa kipimo kinachokadiriwa kwa uzito wake; maana dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, na ikizidi huzidhuru figo zenyewe, na kuziua chembe za sikio la ndani, ambazo zikishakufa hazioti tena. Baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliochomwa kanamaisini, dawa ya ukoo huo huo, kwa miezi mingi walipoteza usikivu, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri isitumiwe tena kwa maradhi hayo.

Matone yana hali nyingine. Chupa ya mililita 5 ina miligramu 15 tu, ilhali ampuli ya sindano ya mililita 2 ina miligramu 80. Tone likishatiwa, sehemu kubwa huchukuliwa na machozi, ndiyo sababu hurudiwa kila baada ya saa chache. Na kinachofika katika damu ni kidogo mno, hivyo figo na masikio husalimika. Kadhalika sindano haimfai sana mwenye jicho bovu, kwani dawa iliyomo katika damu huvuka kwa uhaba kuingia jichoni. Kidonda cha kioo cha jicho kikiwa kikali, wafamasia wa hospitali huweza kuitia ampuli moja katika chupa ya matone, ikapatikana takriban miligramu 14 kwa kila mililita. Lakini hiyo ni kazi ya wataalamu, mahali safi, wala haifai kujaribiwa nyumbani.

Basi mwenye jicho jekundu na apimwe kwanza, kwani matone yanayotiwa bila sababu hayamponyi, na huwapa bakteria fursa ya kuizoea dawa ambayo mtoto mchanga ataihitaji kwa sindano.