Mavazi ya mazoezi kwa mama mwenye mwili mkubwa: stara, wepesi na heshima

Imepokewa kutoka kwa Mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.), kuwa alikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), wakashindana mbio naye akamshinda. Ukapita muda, mwili wake ukaongezeka nyama, wakashindana tena katika safari nyingine, na mara hii Mtume (s.a.w.) akamshinda yeye, kisha akamwambia kwa utani kuwa ushindi huu ni malipo ya ule wa kwanza. Hadithi hii imo katika Sunan ya Abu Daud, na katika mapokezi ya Imam Ahmad imetajwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaamuru kwanza watu watangulie mbele.

Masheikh wetu huitaja hadithi hii wanapoeleza upole wa Mtume (s.a.w.) kwa wakeze. Sisi tunaomba leo tuyatazame mambo mengine yaliyomo ndani yake. Bibi Aisha (r.a.) aliutaja unene wake bila kuona haya. Kunenepa huko hakukumfanya mumewe aache kumwita mbioni. Na kabla ya mbio hizo, mumewe alimwandalia faragha. Mama mwenye mwili mkubwa, mazoezi, na stara: mambo matatu ambayo wengi wetu tunadhani hayawezi kukaa pamoja, yalikaa pamoja katika nyumba ya Mtume (s.a.w.).

Swali linalokwamisha safari

Hapa Lipangalala, na katika mji wa Ifakara kwa jumla, neno mazoezi limeingia katika nyumba nyingi kupitia mlango wa hospitali. Mama anakwenda kulalamikia miguu au kizunguzungu, anapimwa shinikizo la damu na sukari, kisha anaambiwa apunguze chumvi na mafuta, na atembee kila siku. Anarudi nyumbani na nia njema kabisa. Wiki inapita, mwezi unapita, na matembezi hayajaanza.

Wapo wanaoharakisha kusema kuwa ni uvivu. Lakini ukiwauliza kina mama wenyewe kwa upole, utasikia swali moja likijirudia: nitavaa nini? Dera linapeperushwa na upepo na kukanyagwa kwenye hatua ndefu, na likilowa jasho hunata mwilini. Baibui la kitambaa kizito humfanya mtu ahisi amefungiwa ndani ya tanuri. Traksuti ya kijana wa nyumbani inambana nyongani. Akijitosa na kutoka hivyo hivyo, vijana wa kijiweni wanamsindikiza kwa kicheko. Kesho yake hatoki tena.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2015–16 ulionesha kuwa wanawake 28 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi kiwango. Bibi zetu walitembea kwa miguu hadi mashambani na kurudi na mzigo kichwani. Leo bodaboda na bajaji hutubeba hadi sokoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Ikiwa kinachomzuia mama asizipate dakika hizo ni vazi, basi vazi hilo ni sehemu ya dawa yake, na linastahili kununuliwa kama dawa inavyonunuliwa.

Historia ya karibuni inathibitisha kuwa vazi hufungua mlango. Huko Sydney, Australia, mama Aheda Zanetti alimwona mpwa wake akicheza netiboli kwa taabu ndani ya nguo na hijabu zisizofaa mchezo. Akaanza kushona mavazi ya michezo ya Kiislamu, na mwaka 2004 akabuni vazi la kuogelea lenye stara. Huko Marekani, mama yake Ibtihaj Muhammad alivutiwa na mchezo wa vitara kwa sababu wachezaji wake hufunika mwili. Binti huyo akaja kushinda medali ya shaba ya timu katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akiwa na hijabu yake. Mwaka 2014 hijabu iliruhusiwa rasmi katika soka la kimataifa, na mwaka 2017 katika mpira wa kikapu. Kila mahali vazi lilipopatikana, wanawake walijitokeza.

Stara na uzuri havigombani

Sharti za vazi la mwanamke mbele ya wasio maharimu wake zinajulikana: lifunike, lisioneshe ndani, na lisibane hata likachora umbo. Wapo wanaodhani kuwa sharti hizi zinamlazimu mama mnene avae chochote kipana, hata kama kinaning'inia kama turubai. Si kweli. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim, mtu alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa mtu hupenda nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kuwa Allah ni mzuri na anaupenda uzuri, na kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mwenye kosa si mama anayetaka vazi la mazoezi limkae vyema, bali ni yule anayemcheka.

Nguo inayobana mwili mkubwa huchora kila mkunjo na hupanda juu kila mtu anapotembea. Inayopwaya kupita kiasi huongeza ukubwa na hunasa miguuni. Vazi linalopendeza ni lile lililo kati ya haya mawili, na hilo ndilo sheria inalolitaka.

Kitambaa kwa hali ya hewa ya bonde letu

Bonde la Kilombero lina joto na unyevu mwingi, na jasho halikauki upesi. Pamba tupu ni laini na inapitisha hewa, lakini ikishalowa huwa nzito na hunata. Poliesta nzito ya kushonea suti huzuia hewa. Kinachofaa zaidi ni kitambaa chepesi cha jezi chenye matundu madogo, au pamba iliyochanganywa na poliesta, ambavyo hukauka haraka. Kabla ya kununua, tia mkono ndani ya nguo na uielekeze kwenye mwanga: ukiona vidole, iache au uitilie bitana.

Rangi iliyokoza, kama bluu nzito, kijani kibichi au kahawia, ikitumika juu hadi chini, hurefusha umbo na huficha jasho. Kijivu ndicho kinachoonesha jasho kuliko rangi nyingi. Mistari mipana ya kulala na maua makubwa humpanua mvaaji. Lakini anayetoka mara baada ya Alfajiri, kiza hakijaisha, avae ushungi wa rangi nyeupe au ya kung'aa ili waendesha pikipiki na baiskeli wamwone.

Kipimo na mshono

Msiamini herufi za XL na XXL zilizo kwenye lebo, kwa kuwa kila kiwanda kina kipimo chake. Chukueni futikamba nyumbani, mpime kifua, kiuno, nyonga, unene wa mkono wa juu na wa paja. Nguo ya juu izidi kipimo cha nyonga kwa sentimita 10 hadi 15. Hapo itapita bila kubana. Kwenye mitumba, chagueni nguo inayotosha sehemu iliyo pana zaidi ya mwili, kisha mpelekeeni fundi cherehani apunguze mabega. Mshono wa bega ukishuka hadi kwenye mkono, vazi zima huonekana la kuazima.

Nguo ya juu iwe ya kunyooka au yenye kutanuka kidogo kuanzia kifuani, na pindo lake lifike kati ya katikati ya paja na goti. Pindo likiishia penye upana mkubwa wa nyonga, macho yote huvutwa hapo. Iwe na mpasuo pande zote mbili ili hatua ipatikane, na ndani yake ivaliwe suruali pana ya mguu ulionyooka. Mikono iwe na nafasi, na fundi aongeze kipande cha pembe nne chini ya kwapa, ili mkono unaponyanyuliwa nguo yote isipande.

Mpira wa kiunoni uwe mpana, sentimita 4 au 5, na uwe na kamba ya kufunga. Mpira mwembamba hujikunja na kukata tumbo. Suruali iishie kwenye kifundo cha mguu, isiburure katika matope ya masika. Ushungi uwe wa kushonwa wa kuvaa kwa kichwa, ufunike kifua, usihitaji pini wala kurekebishwa njiani.

Yaliyofichika na miguuni

Taabu kubwa ya mwenye mwili mkubwa ni ile asiyoisema. Mapaja yakisuguana huchubuka, na mchubuko mmoja hutosha kumrudisha mtu ndani kwa wiki nzima. Dawa yake ni taiti inayofika juu kidogo ya goti, ivaliwe ndani ya suruali pana, na mafuta ya mgando kidogo. Sidiria iwe ya kushika, yenye mikanda mipana, kwa sababu nyembamba hukata mabega na huacha maumivu ya mgongo. Ikiwa fedha ni chache, anzeni na vitu hivi na raba. Nguo ya juu inaweza kushonwa baadaye.

Raba iwe na soli nene na nafasi mbele ya vidole. Ijaribuni jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Kandambili hazibebi uzito kwa mwendo wa nusu saa. Magoti ndiyo hulipa. Mwenye kisukari asitembee kamwe na kiatu kinachombana au bila soksi. Na nguo ziwe jozi mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, kwani jasho lililokaukia kwenye mikunjo ya mwili huleta vipele na fangasi.

Kipimo cha rukuu na sujudu

Baada ya yote hayo, lijaribuni vazi kwa namna ambayo kila Muislamu anaijua. Vaeni, msimame chumbani, mrukuu, msujudu, mkae, kisha mnyanyue mikono juu. Ikiwa mgongo haukuonekana, nguo haikupanda, kiuno hakikukata na ushungi haukuteleza, vazi hilo litafaa njiani pia.

Kipimo hiki kinawahusu na kina baba. Wapo ndugu zetu wanaotoka msikitini baada ya Alfajiri na kuelekea moja kwa moja kwenye matembezi, wakiwa wameshavaa fulana na traksuti. Fulana fupi juu ya tumbo kubwa hupanda kwenye sujudu na kuacha sehemu ya chini ya kitovu na ya mgongo wazi mbele ya safu ya nyuma, na hiyo ni uchi wa mwanamume. Fulana ndefu na bukta inayopita magoti, si inayoishia juu yake, ndiyo mavazi ya mwenye mwili huo.

Wajibu wetu

Kila msimu wa mavuno ya mpunga, nyumba nyingi hutoa fedha za sare za harusi, na sare hiyo huvaliwa siku moja. Hatusemi harusi zisisherehekewe. Tunasema kuwa baba anayeweza kulipia sare hiyo anaweza kununua mita chache za kitambaa cha jezi na raba moja kwa ajili ya mama wa watoto wake, aliyeambiwa na daktari atembee. Mavazi ya mke ni katika matumizi yaliyo wajibu juu ya mume.

Wazazi nao wawakanye vijana. Suratul Hujuraat imekataza waziwazi watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, na imewataja wanawake peke yao katika katazo hilo. Kijana anayemcheka mama mnene anayetembea anamrudisha kwenye kiti, na pengine kwenye ugonjwa.

Nasi tulio katika kamati za misikiti tunao wajibu wetu. Nyua za madrasa hukaa tupu siku ambazo watoto hawasomi. Uzio wa makuti au maturubai, na saa moja baada ya Alasiri iliyotengwa kwa kina mama pekee, ni jambo lililo ndani ya uwezo wa jamaa yoyote. Mtume (s.a.w.) aliwatanguliza watu mbele ili mkewe apate nafasi ya kukimbia; si jambo kubwa kwetu kuwatengea wake zetu na mama zetu saa moja ya uwanja.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape wagonjwa wetu afya, azipe nguo zetu stara, na ajaalie ndimi zetu ziwe njia ya kutiana moyo. Amin.