Unataka kuzalisha Labrador Meru au Embu? Anza na jike mmoja

MBWA katika maboma mengi ya Meru na Embu hufugwa kwa sababu moja tu: kubweka usiku mgeni asiyetakiwa anapokaribia lango. Anayetaka kufuga Labrador na kuzalisha vilebu wachache kama uraibu wa nyumbani hana budi kuiweka kando fikra hiyo.

Labrador si mlinzi. Asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, ambao uzao wao uliendelezwa nchini Uingereza ili kuokota ndege waliopigwa risasi na wawindaji. Chama cha Kennel Club cha huko kilimtambua rasmi mwaka wa 1903. Hulka yake ni upole, na mwizi mwenye kipande cha nyama huenda akasindikizwa hadi mlangoni.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kununua dume na jike kwa siku moja, kutoka kwa mtu mmoja. Mara nyingi wawili hao huwa ndugu, na uzao wao hurithi kasoro kutoka pande zote mbili. Isitoshe, dume anayeishi na jike humpanda wakati wowote anapopata joto, hata akiwa bado mchanga.

Ni heri kuanza na jike mmoja mwenye karatasi za nasaba, kisha kutafuta dume wa mtu mwingine wakati ukifika. Usajili wa mbwa wa nasaba hufanywa na East Africa Kennel Club, chama chenye makao yake Nairobi. Mzazi mmoja akikosa karatasi, vilebu nao watapata shida kuzipata.

Karatasi pekee hazitoshi. Labrador husumbuliwa na ulemavu wa nyonga na wa viwiko, maradhi ya kurithi yasiyoonekana kwa macho katika kilebu anayerukaruka. Mnunuzi aulize iwapo wazazi wote wawili walipigwa picha za eksirei, na jike wake naye apigwe kabla ya kupandishwa, akiwa na umri wa karibu miaka miwili.

Jike hupata joto takribani mara mbili kwa mwaka, na kila kipindi huendelea kwa wiki tatu hivi. Hapo ndipo ua wa kayaba, unaotosha kuzuia ng'ombe, hushindwa kabisa. Mbwa koko wa kijiji kizima watapenya chini yake. Jike akipandwa na madume wawili, anaweza kuzaa vilebu wa baba tofauti katika uzazi mmoja. Banda la ukuta, lenye sakafu ya saruji na mlango wa komeo, ni la lazima.

Chakula nacho kina hatari yake. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui. Meru na Embu zilikuwa katika mkoa huo huo. Mbwa hudhuriwa upesi na sumu hiyo, ilhali ni desturi yetu kumtupia mahindi yaliyoota ukungu ambayo mtu ameyakataa. Ini la jike mwenye mimba haliwezi kustahimili hayo.

Wala asishibishwe kupita kiasi. Mwaka wa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba karibu robo ya Labrador waliowachunguza walikuwa na kasoro ya jeni inayohusishwa na ulafi na unene. Jike mnene huzaa kwa taabu.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Swali la kujibu kabla ya kupandisha, wala si usiku wa uchungu, ni hili: nani atampasua jike huyu akishindwa kuzaa? Madaktari wengi wa mifugo vijijini wamezoea zaidi ng'ombe wa maziwa. Jike akisukuma kwa nguvu kwa zaidi ya nusu saa bila kutoa kilebu, au saa mbili zikipita baina ya kilebu mmoja na mwingine ilhali wengine wamo tumboni, daktari anahitajika mara moja. Safari ya kutoka Timau au Runyenjes usiku yafaa kupangwa mapema, pamoja na gari na pesa zake.

Vilebu hawawezi kujipasha joto katika wiki mbili za kwanza, na baridi ya Julai katika miteremko ya Mlima Kenya inaweza kuwaua wote. Chupa za maji moto zilizofungwa kwa kitambaa zitafaa. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa litawaua kwa moshi usioonekana, na huenda likamuua na mwenyewe.

Dawa ya minyoo huanza wakiwa na wiki mbili, na chanjo ya parvo na distempa kati ya wiki ya sita na ya nane. Vilebu wasiuzwe kabla ya wiki nane. Kwa kawaida chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa wakiwa na miezi mitatu, yaani mikononi mwa mnunuzi. Kwa hiyo muuzaji aiandike tarehe hiyo kwenye kadi ya chanjo, na akubali kumpokea tena kilebu iwapo mnunuzi atashindwa kumtunza.